Tausi Wasiotulia

Fundi Octave alianza kuvikwepa vitenge mwaka uleule ambao wanawake wa mtaa wa La Rochelle waliamua kwamba bila kitenge hakuna harusi, hakuna ubatizo, hakuna hata kwenda kumpokea mgeni. Mteja akiingia na kitambaa cha maua, Octave alikishika kwa ncha za vidole, akakitazama upande, akakirudisha mezani haraka.

"Mama, sasa watu wanavaa rangi moja," alisema. "Sandton nzima, kwa matajiri, iko rangi moja."

"Mimi siishi Sandton," mteja alimjibu. "Ninaishi hapo nyuma ya kiduka cha spaza."

Mkewe Jeanne aliyasikia yote. Duka lao lilikuwa chumba kimoja: upande wa dirisha ulikuwa wa cherehani, upande wa ukuta ulikuwa wa kioo na viti ambako yeye alisuka nywele. Aliolewa na fundi ambaye Bukavu nzima ilimjua kwa kulinganisha maua. Octave alikuwa akishona gauni, mshono ukapita katikati ya ua, na ua lisijue kwamba limekatwa. Sasa fundi huyohuyo alikuwa anawasihi watu walete vitambaa vya kijivu, kama vya kushonea sare za askari jela.

"Papa Sagesse," alimwita kwa jina la binti yao, "vitenge vimekukosea nini?"

"Mode ya nguo inabadilika."

"Mode inabadilika, lakini tumbo ni lilelile. Kila siku linataka fufu."

Octave aliinamia cherehani akajifanya anatia uzi kwenye sindano iliyokwisha kutiwa uzi.

Huenda angeendelea hivyo mwaka mwingine mzima, kama asingekuja Mama Joséline. Huyu alikuwa mama wa bibi harusi, na alikuwa mwanamke ambaye hata mchungaji alifupisha mahubiri akimwona anatazama saa. Binti yake Arlène alikuwa anaolewa na Hénock, kijana wa ulinzi mwenye adabu na viatu vilivyong'aa. Mama Joséline alitupa furushi mezani. Lilikuwa kitenge cha kijani kibichi, na juu yake tausi, safu kwa safu, kila mmoja amefungua mkia.

"Cha wasichana wa bibi harusi," alisema. "Tausi wote watazame mbele. Nataka wakiingia kanisani watu waseme, eh!"

"Mama Joséline, rangi moja..."

"Rangi moja utanishonea siku ya kunizika."

Octave aliwatazama tausi. Tausi walimtazama, wakaanza kutembea.

*

Siku ya kujaribu magauni, chumba kilijaa wasichana, mama zao, na wale ambao hawakuwa na gauni lolote la kujaribu ila walikuwa na macho. Msichana wa kwanza alitoka nyuma ya pazia, na kelele zote zikakatika.

Tausi wa kifuani alikuwa anatazama mbinguni. Wa mgongoni alikuwa amelala ubavu. Pembeni, pale mshono ulipopita, kichwa cha tausi mmoja kilikuwa kimeingia chini ya mkia wa mwingine, mahali ambapo tausi mwenye heshima hapeleki kichwa.

Msichana wa pili alitoka. Wa kwake walikuwa kichwa chini miguu juu.

Mama Joséline alimzunguka yule wa kwanza pole pole, kama mtu anayekagua gari lililowahi kupata ajali.

"Fundi. Huyu tausi amelala?"

"Ni mtindo," Octave alisema kwa sauti ndogo.

"Mtindo wa wapi? Wa hospitali?"

Kicheko kililipuka. Octave alitoa futi ya kupimia shingoni, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Ndiye aliyeongoza kwaya. Ndiye aliyesimama kwenye mkutano wa kanisa akasema harusi ya Wakristo isiwe na bia, na tangu hapo watu walikunywa soda wakimlaani kimoyomoyo. Sasa wanaume wale waliokosa bia wangepata habari hii kabla ya jioni.

Mama Joséline alisogea. Mbele ya watu wote alileta pua yake karibu na mdomo wa fundi, akavuta pumzi.

"Hanuki kitu," alitangaza, na ilionekana wazi kwamba alisikitika.

Jeanne aliacha kichwa alichokuwa anasuka, nusu mistari na nusu vurugu, akaja kusimama mbele ya mumewe.

"Mama, harusi ni Jumamosi ijayo. Tupe hizi siku. Tutarekebisha."

"Kwa kitambaa kipi?"

Hapo Mama Joséline mwenyewe akashusha pumzi. "Kiko kingine nyumbani," alikiri. "Nilinunua cha ziada, nikakificha. Hakuna fundi asiyeiba kitambaa. Sikujua wewe hukiibi, unakiua."

*

Jeanne alidhani ni macho. Asubuhi ya pili alimburuta mumewe hadi duka la miwani lililo Rosettenville, akamkalisha kwenye kiti. Octave alisoma herufi kubwa, za kati na ndogo. Alisoma hata jina la kiwanda kilichochapa ile karatasi, lililokuwa chini kabisa na ambalo hakuna aliyemwomba alisome. Mpimaji alisema macho yale yangemfaa rubani.

Walitoka nje. Jeanne hakujua kama afurahi au aogope. Kwenye robot, zile taa za barabarani, walisimama kusubiri kuvuka. Taa ya watembeao kwa miguu iligeuka kijani, watu wakavuka, ikarudi nyekundu, ikageuka tena kijani. Octave alikuwa bado amesimama, ameikodolea ile taa.

"Papa Sagesse, tunavuka lini? Krismasi?"

"Subiri. Naona mkia wake."

"Mkia wa nani?"

"Wa taa." Aligeuka akamtazama mkewe, na uso wake ulikuwa kama wa mtoto aliyevunja sahani. "Kila taa ina mkia. Na maua yanatembea, Jeanne. Ya kitenge, ya pazia letu, yote. Hata vigae vya kanisani vinapumua. Najua haviwezi kupumua. Lakini nikitazama, vinapumua."

"Tangu lini?"

"Tangu kule Kensington. Karibu mwaka sasa."

Jeanne alivuta pumzi ndefu. Alikuwa amelisubiri neno hilo muda mrefu. Kulikuwa na kipindi cha baridi ambapo mumewe alikuwa akienda Kensington Jumamosi kwa Jumamosi, anasema ni kazi ya mito na magodoro ya mteja mzungu, na anarudi Jumapili akiwa mweupe kama unga, anakataa chakula.

"Anaitwa nani?" aliuliza.

"Mpungate."

"Mpungate." Jeanne alilirudia lile jina polepole. "Ni wa kabila gani huyo?"

"Si mwanamke, Jeanne. Ni mti wa miiba. Ule mrefu usio na majani. Wanauchemsha, wanakunywa maji yake."

Jeanne aliyetayarisha matusi ya mwanamke alijikuta hana tusi hata moja la mti.

Basi palepale pembeni ya robot, watu wakiwapita na mifuko ya nyanya na vitunguu, Octave alisema yote. Mteja wake, Madame Marlize, alikuwa na nyumba ambako watu walikuja kunywa yale maji machungu na kulala kwenye magodoro. Octave ndiye aliyeshona yale magodoro. Walikuja watu wa benki kutoka Sandton, wenye magari ya kifahari, wakalipa ili watapike kwenye ndoo. Yeye hakulipa. Madame alimwona hana usingizi, akamuuliza kwa nini, naye akamweleza habari za mama yake.

Mama yake Octave alifariki Bukavu mwaka juzi. Octave hakwenda kumzika. Ukiwa na karatasi za ukimbizi huwezi kuingia nchi uliyoikimbia na kutoka kama mtalii, na kila mtu wa La Rochelle alijua hivyo. Alisikia mazishi kwenye simu: udongo, nyimbo, upepo, kisha mtandao ukakatika.

"Nilikunywa mara ya kwanza, nikatapika tu. Lakini siku moja nilimwona, Jeanne. Alikaa miguuni pa godoro. Amevaa gauni jeupe. Akatabasamu. Nikarudi wiki iliyofuata ili nimwone tena. Na nyingine. Mpaka ile siku ya mwisho, mama hakuja. Kilikuja kitu kingine, ukuta ukawa una meno, nikalia mpaka wakanishika. Sikurudi tena. Ila maua hayajaacha."

Taa iligeuka kijani mara nyingine, wao wasivuke.

"Ulimwona mama mkwe wangu," alisema hatimaye, "na ukarudi nyumbani usinipe hata salamu zake?"

"Hakusema kitu."

"Mwaka mzima, Octave. Mwaka mzima ninaishi na mtu anayeona ukuta una meno, na ananiambia mode imebadilika."

Alimshika mkono, kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika, akamvusha barabara.

*

Kensington walikwenda pamoja, mchana. Madame Marlize aliwafungulia geti akiwa miguu mitupu, mwanamke mwenye mvi ndefu na sauti ya kubembeleza. Alimkumbatia Octave. Alitaka kumkumbatia Jeanne pia, lakini Jeanne alikuwa amebeba mkoba kifuani kama ngao.

Mipungate ilikuwa kando ya ukuta, minene, ya kijani, mirefu kuliko paa. Jeanne aliitazama mmoja baada ya mwingine, kama anayetafuta ni yupi hasa aliyemharibia mume.

Waliletewa chai. Jeanne hakuigusa. Alitoa chupa yake ya maji kwenye mkoba, akanywa, akaifunga, akairudisha mkobani.

"Mwambie huyu mama," alimwambia mumewe kwa Kiswahili, "amekuharibu macho na sasa ninataka ayatengeneze."

Octave alimgeukia Madame Marlize, akasema kwa Kiingereza kwamba mkewe anamsalimu na ana swali dogo.

"Sikusema salamu," Jeanne alisema. "Kiingereza cha salamu ninakijua. Sema kama nilivyosema."

Octave akasema. Madame Marlize aliweka mkono kifuani. Alieleza kwamba mmea ule ni mwalimu, kwamba umemfungua Octave macho, na kwamba mafundisho yake huendelea muda mrefu. Pengine anahitaji kikao kingine kimoja ili kukamilisha.

"Muulize," Jeanne alisema, "hiyo shule inafungwa lini. Na muulize nani alimwomba mtu afunguliwe macho. Yalikuwa wazi. Alikuwa anashona nayo."

Octave alitafsiri, na safari hii hakulainisha neno. Madame Marlize alishusha kikombe chake mezani. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomkera Jeanne zaidi, kwa sababu ni vigumu kumpigia kelele mtu ambaye machozi yako karibu.

"Alikuwapo mtu mwingine," Madame alisema baadaye, polepole. "Miaka iliyopita. Aliniambia kuta zake bado zinatembea. Mimi nilimwambia ni baraka. Hakurudi." Alimtazama Octave. "Nenda kwa daktari. Mwambie ni meskalini. Ndiyo iliyo ndani ya mmea. Mwambie jina hilo, usione haya."

Jeanne alilirudia jina hilo njia nzima hadi nyumbani, kama mtu aliyetumwa dukani.

*

Kliniki waliwahi foleni alfajiri. Octave aliweza Kiingereza cha kupima viuno na kupatana bei, lakini Jeanne alikataa kusikia habari za ubongo wa mumewe nusunusu. Aliomba mkalimani. Muuguzi alisema wana bahati, leo yuko mmoja wa Kiswahili, anajitolea.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Emérite.

Emérite alikuwa Mrundi, katibu wa kanisa lao, mwanamke mwema mwenye kasoro moja. Ukimwambia jambo saa tatu, saa nne lilikuwa limefika Yeoville, upande wa pili wa jiji. Kanisani walimwita Redio, na yeye alidhani ni kwa sababu ya sauti yake nzuri.

"Hakuna mwingine?" Octave alimuuliza muuguzi.

"Ni yeye peke yake."

"Papa Octave," Emérite alisema kwa uchungu, "hapa mimi nimekula kiapo. Nikitoa neno nje, wananifukuza. Nitanyamaza. Mungu atanisaidia."

Daktari alikuwa msichana mdogo mwenye macho ya kukosa usingizi. Octave alieleza, Emérite akatafsiri, na kila sentensi ilipozidi kunoga ndivyo macho ya Emérite yalivyozidi kupanuka. Habari ilipofika kwenye ndoo za watu wa benki, alisimama akameza mate kabla ya kuendelea.

Daktari aliuliza maswali mengi. Je, anasikia sauti? Hapana. Anadhani maua yanatembea kweli?

"Hapana," Octave alisema. "Najua hayatembei. Nayaona tu yakitembea."

"Basi wewe si mwendawazimu," Emérite alitafsiri, na akaongeza kwa niaba yake mwenyewe, "Haleluya."

Daktari alieleza taratibu. Watu wengi hunywa kitu kile wasibaki na lolote. Wachache, na hakuna anayejua vizuri kwa nini ni hao, hubaki na macho yanayoendelea kuona mabaki yake, miezi na hata miaka baada ya kuacha. Macho yenyewe ni mazima. Ni ubongo ambao haujarudi kwenye mwendo wake. Kwa wengi hali hiyo hupungua polepole. Kwa wengine hubaki, nao hujifunza kuishi nayo.

"Dawa yake?" Jeanne aliuliza.

"Ya kwanza ni kutokunywa tena. Hata mara moja. Wala bangi. Alale vizuri. Asikae peke yake na hofu. Siwezi kuwaahidi siku ya kupona, nitakuwa ninawadanganya." Kisha daktari alimtazama Octave. "Una hofu?"

Emérite alilitafsiri swali hilo kwa sauti ya chini, bila kuongeza kitu.

"Ninaogopa," Octave alisema, "kwamba siku moja nitaamka, na sitajua tena kwamba hayatembei."

Daktari aliitika kwa kichwa. Alisema ikitokea hivyo waje siku hiyohiyo, wasisubiri. Akampa miadi ya kurudi na ya kuzungumza na mshauri. Jeanne alikuwa amemshika mumewe goti chini ya meza.

Walipotoka, Emérite aliwafuata hadi mlangoni, jasho linamtoka.

"Ninyi mmepata nafuu," alinong'ona. "Na mimi je? Nitaishi vipi na siri kama hii?"

*

Kitambaa cha ziada kilifika, na Jeanne akashika mkasi.

Maisha yake yote alikuwa amechora mistari juu ya vichwa vya watu, na mstari uliopinda kwenye kichwa hauna pa kujificha. Alitandika kitenge mezani, akapiga chaki kufuata safu za tausi. Octave alikaa kwenye kigoda akimwelekeza kwa mdomo, macho ameyafumba.

"Acha vidole viwili vya mshono."

"Nimeacha."

"Vidole vyako au vyangu?"

"Octave, unataka nikate tausi au nikukate wewe?"

Kukata ni jambo moja, kushona ni jingine. Octave alipofungua macho mbele ya cherehani, tausi walianza tena gwaride lao. Ndipo Jeanne akapata wazo la kubandika utepe mweupe wa karatasi juu ya kitambaa, kando ya mstari wa mshono, na kutandaza shuka jeupe juu ya kilichobaki. Fundi alibaki na njia nyeupe nyembamba mbele yake na sindano. Kwenye weupe kulikuwa na vijiwimbi tu, si ndege. Vidole vyake vilijua kazi. Mguu ulikanyaga, cherehani ikaimba.

Binti yao Sagesse, aliyerudi kutoka shule na kusimama mlangoni, alisema kwa Kiingereza chake cha kila siku kwamba sasa Mama ndiye bosi na Daddy ndiye mwanafunzi, na akataka kujua kama mwanafunzi atalipwa.

"Nenda ukaoshe sahani," wazazi walisema kwa pamoja.

Ilikuwa katikati ya kazi hiyo ambapo Mama Joséline aliingia bila kubisha, na nyuma yake Emérite, aliyekuja na makadi ya harusi ya kugawa. Mama Joséline aliona mkasi mkononi mwa msusi, na fundi amefunika meza kwa shuka kama mgonjwa anayefanyiwa upasuaji.

"Nani anashona nguo za harusi ya mwanangu?" aliuliza.

Jeanne alifungua mdomo. Alikuwa na uongo mzuri tayari, kuhusu vumbi na mzio. Lakini Octave alisimama.

"Mama, mke wangu anakata, mimi nashona. Macho yangu yana shida. Nilikunywa kitu, na kimeniacha hivi. Maua yanatembea nikiyatazama. Nimekwenda kwa daktari."

"Ulikunywa nini?"

"Maji ya mpungate."

"Ulilazimishwa?"

"Hapana. Kwa hiari."

Mama Joséline alifikiri. "Na miiba?"

"Wanaitoa kwanza."

Nyuma, Emérite aliangukia kiti cha saluni, akajipepea kwa makadi yake. "Asante Yesu," alisema. "Asante. Sasa limejulikana. Nilikuwa nakufa."

Mama Joséline alichukua gauni lililokuwa tayari, akalipeleka dirishani. Alifuata mshono kwa ukucha kutoka kwapani hadi pindo. Tausi walisimama wima, wote wakitazama mbele, na pale mshono ulipopita mkia ulikuwa mmoja.

"Mwanaume aliyetunyima bia," alisema, na midomo yake ikaanza kumshinda, "alikuwa anakunywa mti." Alicheka mpaka akashika meza. Alipomaliza, alifuta macho. "Malizia, fundi. Na kwaya utaiongoza, maana mwingine anayejua kuanza wimbo hatuna. Ila usitazame magauni."

Siku ya harusi wasichana waliingia kanisani, na watu wakasema, eh! Octave aliongoza kwaya akitazama dari, ambayo ilikuwa nyeupe. Kwenye karamu kila mwanaume aliyepita na chupa ya soda alimwinamia fundi akamuuliza kwa heshima kama hii nayo ina miiba. Alivumilia. Hoja ya bia, ilipoletwa tena kwenye mkutano uliofuata, hakuipinga wala kuiunga mkono.

*

Miezi ilipita. Taa zilianza kufupisha mikia yake. Vigae vya kanisa vilipumua siku za uchovu tu. Maua yaliendelea, ila kwa uvivu, kama watu wanaotoka kazini. Kibao cha duka kiliandikwa upya, na jina la Jeanne likawekwa juu, kwa sababu alisema mkono uliokata ndio uliobeba lawama.

Kisha ikafika wiki ya kumbukumbu ya mama yake Octave, na jioni moja ujumbe wa Madame Marlize ukaingia kwenye simu. Aliuliza hali. Alisema anamkumbuka katika majuma haya. Hakumwita, aliandika tu kwamba Jumamosi kuna kikao, na mlango uko wazi kwa kila anayehitaji.

Octave alimsomea mkewe. Hakumficha, na hilo lenyewe lilikuwa jipya. Lakini baada ya kusoma alivaa koti, akasimama karibu na mlango.

"Leo si Jumamosi," Jeanne alisema. Alikuwa anachambua nywele za bandia, fungu kwa fungu.

"Najua. Nataka tu kutembea." Hakufungua mlango. "Mara moja tu, Jeanne. Si kwa kitu kingine. Sikumzika. Pale ndipo mahali pekee nilipomwona."

Jeanne hakupaza sauti. "Daktari alisema nini?"

"Nilisikia alichosema."

"Basi sitakirudia, na sitakushika miguu." Aliweka nywele chini. "Lakini niambie, mama yako mdogo aliyemuuguza marehemu, aliyemfunga macho, umempigia simu lini?"

Octave hakuwa amempigia tangu mazishi. Angemwambia nini? Kwamba mtoto wa kwanza alisikiliza udongo kwenye simu? Kila mwezi aliahirisha, na kila mwezi aibu ilizaa nyingine.

Jeanne alichukua simu, akatafuta jina, akabonyeza, akamtilia mumewe mkononi kabla hajapata njia ya kukimbilia.

"Nani?" sauti ya kizee ilipiga kelele kutoka Bukavu, jogoo akiwika nyuma yake bila kujali kwamba ni jioni.

"Mama mdogo. Ni Octave."

"Octave amekufa! Angekuwa hai angepiga simu!"

Alimgombeza kwa muda mrefu. Alimgombeza kwa ajili yake mwenyewe, kwa ajili ya marehemu, na kwa ajili ya majirani waliouliza. Octave alisema ndiyo, ndiyo mama, samahani mama. Kisha, pumzi ya bibi yule mzee ilipopungua, alimwambia. Alimweleza yale maji, na godoro, na jinsi marehemu alivyokuja kukaa miguuni pake.

"Alivaa nini?"

"Gauni jeupe."

"Jeupe? Yule aliyechukia kufua?" Bibi alikohoa. "Alikuambia nini?"

"Hakusema kitu. Alikaa kimya tu, akatabasamu."

Bibi alimfukuza kwanza yule jogoo.

"Mwanangu," bibi alisema. "Dada yangu, siku ile anakufa, alimgombeza padri kwa kuchelewa. Alimgombeza muuguzi. Mimi alinigombeza kwa sababu ya uji. Anyamaze? Atabasamu? Huyo hakuwa mama yako. Sijui mlimwona nani huko. Labda ni mama wa mzungu mmojawapo."

Octave alianza kucheka. Kicheko kilimjia kutoka mbali, kikamkalisha chini sakafuni na koti lake mwilini, na katikati yake kikageuka kuwa kitu kingine, na Jeanne akaja akakaa kando yake, bega kwa bega, akiegemea mguu wa cherehani.

"Nieleze alivyokufa," Octave alisema alipoweza. "Kila kitu. Nilisikia udongo tu."

"Una vocha?"

"Ninayo."

"Haya." Bibi alivuta kiti, kikasikika kikikwaruza sakafu. "Ilikuwa asubuhi. Kwanza aliukataa ule uji. Akasema una donge, akasema huo si uji, ni simenti..."

Octave alivua koti.